Ng'ombe Ambao Sikuwataja

Mwanangu, mpaka leo nikipita karibu na zile nyumba za mawe za mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, naikumbuka asubuhi niliyoingia ofisi ya mikopo nikiwa kijana. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na mbele ya mtu mwenye meza nilikuwa mzito wa kusema.

Kazi yangu ilikuwa kununua ng'ombe Sericho na kuwauza mnadani Isiolo. Mama alikuwa anaugua kifua, na tulipanga chumba cha udongo kilichovuja kila mvua. Nyumba moja ya mawe ilikuwa inauzwa kwa mkopo. Nilitaka mama ahamie humo kabla ya masika.

Karani akaniuliza, "Unauza ng'ombe wangapi kwa mwezi?"

"Wachache tu, kwa rehema ya Mungu."

"Wachache ndio wangapi?"

Unajua kwetu mtu hataji idadi ya mifugo yake mbele ya mgeni. Tangu nikichunga ndama niliambiwa ukiwahesabu kwa sauti unawaitia kifo. Nikasema wawili. Ukweli ni kumi na wawili. Karani akaandika wawili.

Niliporudi baada ya wiki mbili, akanirudishia fomu. "Kwa mapato haya huwezi kulipa."

"Nilikosea. Ni kumi na wawili."

Akamtazama mwenzake, wakacheka. "Hao kumi wamezaliwa lini, ndugu yangu? Haya, niletee risiti za mnada."

Kwa kila ng'ombe niliyemuuza nilipewa risiti ya ushuru, nami nilikuwa nawashia nazo moto wa chai. Pesa zangu nilimpa mwenye duka aniwekee, kwa kuaminiana tu, bila maandishi. Nikaichukua fomu yangu nikatoka. Nyumba akapewa mwalimu mmoja, mtu mwema, mwenye karatasi zake za mshahara.

Nilipomweleza mama, alinishika mkono. "Umefanya vizuri kutowataja mwanzoni," akasema. "Watakaa salama." Aliyasema akikohoa, na yaliniumiza kuliko kile kicheko cha ofisini.

Masika yakaja, maji yakafika kitandani kwake. Tulimzika kabla mvua haijakatika. Na wale ng'ombe niliobaki nao, ukame uliofuata uliwamaliza wote, ingawa idadi ya hao sikuwahi kumtajia mtu.

Sikwambii uache adabu ya wazee. Nyumbani, mgeni akiuliza, mwambie ni wachache, kisha umpe chai. Lakini ofisini jibu swali kama ulivyoulizwa. Weka kila risiti, hata ya mbuzi mmoja, na pesa zako zipite kwenye kitabu cha benki miezi mingi kabla hujaomba mkopo. Kama unaona haya kusema, kama mimi, karatasi zitasema kwa niaba yako.

Mungu akujalie nyumba, mwanangu, na amwache hai yule unayemnunulia mpaka aufungue mlango kwa mkono wake.