Mkwe Kwenye Keria

Barabara ya kutoka Kasansa kwenda Majimoto nimeipita kwa baiskeli mara nyingi mno. Naweza kukuambia ni wapi mchanga utakamata tairi, na ni wapi kuna mbwa mwenye chuki na kila kitu chenye magurudumu. Naipenda. Upande mmoja umesimama ukuta wa milima ya Ufipa, na upande wa pili bonde linashuka taratibu kuelekea Ziwa Rukwa, mpunga mtupu mpaka macho yanachoka. Lakini kuna safari moja ambayo sikuiangalia kabisa barabara yenyewe. Nilikuwa namwangalia mama yangu.

Nianze na ugomvi, maana bila ugomvi safari ile isingekuwa na habari. Mimi ni Mpimbwe, binti wa wakulima wa mpunga, Wakatoliki tangu enzi za babu. Mume wangu ni Msukuma. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao yeye akiwa bado mdogo. Kwao, mwanaume hamkaribii mama mkwe. Hamwangalii usoni, hampi mkono, hali naye chakula, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha. Mume wangu alilelewa hivyo na hana mzaha katika jambo hilo. Alikuwa akimwona mama anatokea mbali na kapu lake kichwani, anashuka kwenye baiskeli, anaivuta mpaka kwenye majani, anasimama huko amegeuza mgongo hadi mama apite. Siku moja aliingia nayo mpaka kwenye jaruba la mpunga la watu, maji yakamfika magotini.

Mama alichukia.

"Kwetu pia mkwe anaheshimiwa," aliniambia, "lakini hakimbiwi kama nyoka. Mimi nina ukoma?"

Nikimweleza kwamba ile ndiyo heshima yenyewe, ananiuliza ni heshima gani inayoonyesha watu mgongo. Nikirudi nyumbani nikimwomba mume wangu alegeze kidogo, ananitazama kana kwamba nimemwambia avue shati kanisani. Mimi hasira zangu ziko karibu. Niliwagombeza wote wawili kwa zamu, kwa miaka, na hakuna aliyenisikiliza.

Kisha baba akafariki, mama akabaki peke yake Kasansa. Halafu bodaboda ikamwangusha, goti likavimba na halikurudi tena kuwa goti la maana. Nikimpigia simu ananiambia yuko salama, lakini nasikia anavyohema akiinuka kuchukua maji. Nilikuwa naogopa. Nilimwona kwenye mawazo yangu ameanguka ndani ya ile nyumba na mlango umefungwa. Nilitaka aje akae kwetu Majimoto, na nilimwomba mpaka nikachoka.

"Nikakae kwa mtu ambaye akiniona anatoka nje?" alinijibu. "Yeye atalala wapi, zizini?"

Mume wangu alichimba udongo. Alifyatua matofali, akajenga chumba pembeni ya ua wetu, akaweka mlango uangalie milimani ili yeye na mama wasigongane asubuhi. Mimi nililia nilipokiona kile chumba. Mama alipoambiwa habari za mlango akasema, "Si nilikwambia? Hata mlango wangu kaugeuza."

Mwishowe alikubali kuja mpaka goti lipoe tu. Alifunga kimfuko kidogo chenye nguo mbili, akavaa rozari yake shingoni, akaacha kuku wake na kinu chake kwa jirani, na akahakikisha nimeona kwamba ameviacha. Bodaboda aliapa hapandi tena. Magari hayakuwa yakipita, mvua zilikuwa zimebomoa kivuko na hakuna aliyekuja kukitengeneza. Kwa hiyo tulikwenda kumchukua na baiskeli mbili: mimi nimbebe mama, mume wangu abebe mfuko na atangulie mbali.

Mpango mzuri. Mama ni mwanamke mnene na mimi ni mwembamba. Nilikanyaga pedali, baiskeli ikaanza kuyumba kama mlevi, na kabla hatujalipita boma la jirani tukawa chini sote wawili kwenye matope, mama juu yangu. Hakuumia. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaacha kucheka, kwa sababu sote watatu tulikuwa tumeelewa. Mtu mwenye nguvu za kumbeba alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amesimama kule mbele akiitazama milima.

Mimi nilikuwa tayari kuanza kufoka. Ndipo mume wangu, bado ametugeuzia mgongo, akaanza kuufungua mfuko kutoka kwenye keria yake. Alichukua gunia lililokuwa chini yake, akalijaza mabua ya mpunga, akalifunga kwa mipira ya tyubu mpaka likawa kiti. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ndogo, "Mwambie mama akae akiangalia nyuma."

Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Mgongo wa mama nyuma ya mgongo wa mkwewe, pengo la kama kiganja kati yao, yeye akiangalia tunakokwenda, mama akiangalia tunakotoka, na mimi nyuma yao na mfuko, nikitazamana na mama ana kwa ana njia nzima.

Mwanzoni alikuwa ameyafumba macho. Alipoyafumbua hakuniangalia mimi, aliangalia nyuma yangu: paa la nyumba yake, miembe ya baba, kanisa. Sikugeuka. Vyote niliviona vikipungua usoni mwake, na roho iliniuma.

Mpunga ulikuwa umeiva, njano kote mpaka ukingo wa bonde, ndege yangeyange weupe wakitembea katikati kama wenye mashamba. Vijito kutoka milimani vilikatiza barabara, na kila kimoja mume wangu alikiingia polepole, miguu ikigusa mawe. Tulipopita kijiji cha Mamba, watu walikuwa wameanika mpunga kwenye maturubai kandokando ya njia. Walituona wakaacha kazi.

"Bibi, mbona umegeuka?" mwanamke mmoja aliita.

"Naangalia kama nyie mnanisema!" mama akamjibu, na turubai zima likacheka.

Alianza kupata raha. Alipata na la kusema.

"Mwambie huyo mkwe wangu huo mpunga umekauka kupita kiasi. Utavunjika mashineni."

Huyo mkwe wake alikuwa amembeba. Masikio yake yalikuwa karibu kuliko yangu. Lakini nilipaza sauti huku nahema: "Mama anasema mpunga ule utavunjika!"

"Mwambie mama ni kweli," akajibu mbele. "Mwambie wetu nilianua mapema."

"Mwambie amefanya vizuri."

"Amesema umefanya vizuri!"

Tulikwenda hivyo, mimi nikiwa simu yao, nimekauka koo, na sijawahi kuwa na furaha kama ile juu ya baiskeli.

Karibu na Majimoto tukasikia kengele za ng'ombe. Wanaume wawili wa Kisukuma, watu wazima wanaokaa jirani na sisi, walikuwa wakiswaga kundi barabarani. Nilimwona mume wangu akipunguza mwendo, shingo imekaza. Mama naye akajua kuna jambo, akavuta khanga akajifunika uso mzima. Watu wale walimfahamu mama mzazi wa mume wangu; ndio waliomzika. Walijua vizuri kwamba mwanamke yule aliyejifunika hawezi kuwa yeye, na hawakuhitaji kuambiwa ni nani.

Mmoja akauliza kitu kwa Kisukuma. Mume wangu hakushuka kwenye baiskeli. Alijibu kwa maneno machache, wakatazamana, kisha yule mtu akawasukuma ng'ombe pembeni kwa fimbo yake na kutuachia njia.

Mama hajui Kisukuma. Alisubiri vumbi litulie, akafunua uso.

"Wamemuuliza nini?"

"Wamemuuliza amembeba nani."

"Na yeye?"

Mume wangu alikuwa anasikia. Ujumbe huu hakuwa amenituma, na mgongo wake ulikuwa unaniomba ninyamaze. Mimi sijui kunyamaza.

"Amesema amembeba mama yake."

Mama alishika rozari yake bila kuisali. Tulipita ilipo njia ya kwenda kwenye chemchemi za maji ya moto, wanawake wakirudi na nguo zilizofuliwa, naye bado ameishika. Halafu akaniambia, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia chumvi:

"Kile kinu changu, yule jirani hajui kukitunza. Atakiacha juani kipasuke. Ukienda tena Kasansa ukilete. Na kuku."

"Sawa, mama," nikasema, na barabara ikaanza kunilowa machoni.

Nilipojifuta niliona kichwa cha mama kinaegemea nyuma, taratibu, kisha mabega, kisha mgongo wote, mpaka lile pengo likaisha na akawa amemwegemea mkwewe kabisa. Mume wangu alinyooka kama nguzo. Miguu ilisimama kwenye pedali, baiskeli ikawa inakwenda yenyewe.

"Mama watoto," akaniita, bila kugeuka. "Mama amelala?"

Nilimtazama mama. Macho yake yalikuwa wazi, makavu, yananiangalia moja kwa moja. Aliinua kidole akakiweka kwenye midomo.

"Amelala," nikasema.

"Basi tusimwamshe," akajibu, na akaanza kukanyaga tena, polepole, akikwepa hata vijiwe vidogo.