Hasira Haichachishi Maziwa

Mama mkwe wangu aliponiambia kwamba maziwa yangu yanachacha kwa sababu ya hasira zangu, nilikasirika zaidi. Sijui alitarajia nini. Ukimwambia mtu mwenye hasira kwamba anamdhuru mtoto wake, unataka aanze kuimba pambio?

Tulikuwa tunaishi Malaba, yeye na mimi na binti yangu wa miezi mitano, katika nyumba iliyo karibu na barabara ambapo malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Mume wangu ni dereva wa masafa marefu, kwa hivyo nyumbani alikuwa sauti ya simu tu. Mimi nilikuwa nimerudi kazini Busia, kwenye ofisi ndogo ya wakala wa forodha, ambako nilichapa karatasi za mizigo. Kazi hiyo niliipata kwa cheti changu cha kidato cha nne na kwa mdomo wangu. Sikuwa na nia ya kuiacha.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Alfajiri kabla sijatoka nilikamua maziwa kwenye vikombe vyenye vifuniko nilivyokuwa nimevichemsha, nikaviweka ndani ya friji, kule nyuma kabisa. Mchana mama mkwe angesimamisha kikombe ndani ya maji moto, kisha amnyweshe mtoto polepole. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Halafu maziwa yakaanza kunuka. Nikawa narudi jioni nakuta kikombe kimejaa, mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Siku moja akaharisha.

"Mama baby," mama mkwe akaniambia, "mimi nimelea watoto wangu wote na haya maziwa ya kifua. Hakuna siku yalichacha. Lakini mimi sikuwa mtu wa kupigana na watu."

"Nimepigana na nani, mama?"

"Leo asubuhi ni yule wa bodaboda. Jana ni yule wa nyanya. Maziwa inasikia hiyo yote."

"Inasikia?"

"Iko ndani ya kifua. Itakosa kusikia aje?"

Majirani nao wakakubaliana naye, maana jambo la kumlaumu mama halikosi wafuasi. Mume wangu akapiga simu kutoka njiani na kutoa hukumu bila kuona friji, kikombe wala mtoto: maziwa yakiendelea kuharibika mpaka mwisho wa mwezi, niandike barua ya kuacha kazi nikae nyumbani ninyonyeshe. Nikamuuliza kama lori lake likikataa kuwaka huwa anaacha udereva. Akasema ndiyo hizo hasira sasa.

Hakuna aliyeishuku friji. Friji yetu ilikuwa mgeni wa heshima. Ilikaa sebuleni, imebanwa ukutani, na mama alikuwa ameifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma kilichoning'inia mpaka nyuma. Ilikuwa na tabia moja tu mbaya: ukiishika mlango mikono ikiwa na maji, inakutekenya vidole. Kwa hivyo sote tulikuwa tunaifungua kwa leso. Leso ilikaa juu yake siku zote, kazi yake ni hiyo. Hata wageni tuliwaambia, "Chukua leso ufungue." Leo nikikumbuka nataka kujizaba kofi. Stima inatoka kwenye mlango wa friji na sisi tunaichukulia kama tabia ya ng'ombe mkali!

Mwishowe nikaishuku mimi, nikamwita fundi mmoja wa friji wa hapo sokoni. Alikuja jioni nikiwa nimerudi, akaweka kiganja ndani, akaweka sikio mlangoni, akatikisa kichwa kama daktari.

"Gesi imeisha, dada. Hii nabeba, natoboa, naweka gesi mpya."

"Lakini sasa hivi iko baridi. Gusa barafu."

"Hiyo ni baridi ya uongo."

"Baridi ya uongo ni gani?"

"Dada, hii ni mambo ya ufundi."

"Mchana maziwa yanaharibika, jioni kuna barafu. Gesi ikiisha, jioni inarudi kutoka wapi? Inaenda kazini kama mimi?"

Mama mkwe akaniangalia kwa jicho lile la umeanza tena. Fundi akachukua mfuko wake akaenda. Mlangoni akamwambia mama, "Pole, mama. Huyu ana moto." Nilisikia. Alitaka nisikie.

Lakini swali langu mwenyewe lilikataa kuniacha. Kama gesi ingekuwa imevuja, friji ingedhoofika usiku na mchana. Yetu ilikuwa inaugua mchana tu. Kesho yake nikagandisha maji kwenye bilauri kule juu kwenye barafu, na asubuhi iliyofuata nikaweka sarafu juu ya ile barafu ngumu, nikafunga mlango, nikaenda Busia. Niliporudi barafu ilikuwa ngumu vilevile, lakini sarafu ilikuwa imelala chini kabisa ya bilauri. Chuma hakizami kwenye barafu. Maana yake mchana maji yaliyeyuka yote, sarafu ikashuka, kisha baadaye yakaganda tena juu yake. Friji ilikuwa inazima nikiwa kazini.

"Mama, mchana unachomoa friji?"

"Mimi? Nichomoe friji ya nini?"

"Labda kuokoa tokeni za stima?"

"Nimekuambia sijagusa! Sasa umefika kwangu? Bado nani? Mtoto?"

Nilimwamini. Mama mkwe wangu ana mengi, lakini haongopi. Angekuwa amechomoa angesema amechomoa na kuniuliza nitafanya nini. Basi nikaomba ruhusa ya siku moja kazini, nikaweka kigoda mbele ya friji, nikamweka mtoto mapajani, nikakaa kuisikiliza.

Asubuhi yote iliunguruma vizuri, ikipumzika na kuwaka tena. Nje foleni ya malori ilikuwa imenyooka mpaka mbali, na madereva na mataniboi wao, wasaidizi wa lori, wakaanza kuingia uani kwetu. Hiyo ndiyo biashara ya mama, iliyoshamiri tangu foleni irefuke: maji moto ya kuoga. Mtu amelala ndani ya kichwa cha lori kwa siku kadhaa, anakuja, anapewa beseni, sabuni na bafu la mabati, anatoka akinukia. Maji aliyachemsha kwa hita ile ya kutumbukiza, chuma kilichojikunja unachokiweka ndani ya ndoo. Waya wake ulipita dirishani ukaingia sebuleni.

Friji ikapumzika. Ilipotaka kuwaka tena ikasema mmmmm, kisha tak. Kimya. Baada ya muda, mmmmm, tak. Kama mtu anayejaribu kuinuka na gunia mgongoni na magoti yanakataa.

Nikainua kile kitambaa cheupe nyuma. Harufu ya plastiki iliyoungua ikanipiga puani. Friji na hita zilikuwa zimechomekwa kwenye ekstenshoni moja, nyembamba, ya bei ya mitumba, isiyo na waya wa ardhi unaozuia friji kumtekenya mtu, na imegeuka rangi ya chai. Hita inakula stima nyingi sana. Ikiwaka kwenye kawaya kama kale, friji inabaki na mabaki. Kompresa, ile mota ya friji, inahitaji nguvu ili kuanza. Ikikosa, inanguruma pale pale, inapata joto, na kile kidude cha kuilinda kinaikata isiungue. Malori yakiwa mengi, waogaji wengi, hita haipumziki, friji haiamki, maziwa yangu yanachacha. Alasiri foleni ikisogea, hita inachomolewa, friji inafufuka. Nami narudi nakuta barafu.

"Mama! Njoo!"

"Nina mteja!"

"Mteja angoje, nyumba inataka kuungua!"

Akaja, na mteja, dereva mmoja, nyuma yake, povu shingoni na taulo kiunoni. Nikazima swichi ya ukutani kwanza, sikugusa kitu kabla ya hapo. Nikawaonyesha ile ekstenshoni. Godoro la mtoto lilikuwa karibu nayo kiasi kwamba nikinyoosha mkono ninagusa vyote viwili. Nilikasirika, na sikuona haya.

"Chomoa hita," dereva akasema. "Halafu ngoja, usiwashe friji saa hiyo hiyo. Kompresa inataka kupumua."

"Najua," nikasema, maana nilikuwa najua. Tulingoja. Friji nikaichomeka moja kwa moja ukutani, peke yake. Ikawaka mara moja na kuendelea kunguruma.

"Eh," mama akasema.

"Mimi maji yangu?" dereva akauliza.

"Jiko la makaa liko hapo," nikamwambia. "Pepea."

Jumapili niliihudumia friji yenyewe. Niliichomoa nikatoa kila kitu ndani. Barafu nikaiyeyusha kwa mlango wazi na beseni la maji moto ndani, na mama alipokuja na kisu cha kukatia samaki nikamnyang'anya, kwa sababu nyuma ya barafu kuna bomba jembamba, ukilitoboa ndipo gesi inaisha kweli, na ndipo yule fundi anafurahi. Nikaisogeza kutoka ukutani. Wavu mweusi wa nyuma, unaotoa joto nje, ulikuwa umevaa vumbi la barabara kama blanketi. Nikaupiga brashi mpaka ukaonekana. Mpira wa mlango nikauosha kwa sabuni, kisha nikabana karatasi mlangoni na kuivuta pande zote. Ilikataa kutoka, basi mpira ni mzima. Mambo ya ndani ya kompresa sikuyagusa. Sikusomea. Kwa soketi nikamwita fundi wa stima, akakagua waya wa ardhi na kubadilisha plagi ya friji iliyokuwa imeanza kuungua. Alipomaliza nilishika mlango kwa mkono mtupu. Hakuna kutekenywa.

Mama alikuwa amesimama na kitambaa chake mkononi. "Sasa hii nitaweka wapi?"

"Kwenye meza, mama. Nyuma ya friji panataka hewa."

"Itakaa uchi?"

"Itakaa uchi."

Ilibaki hasira. Bado mama hakuwa amekubali, nilimwona usoni: friji ilikuwa na makosa yake, sawa, lakini na mimi nilikuwa na yangu. Alfajiri ya Jumatatu mume wangu alipiga simu kunikumbusha mwisho wa mwezi. Nikamjibu kwa sauti iliyowaamsha majirani wa nyumba ya pili. Nikakata simu, na hapo hapo, moyo ukinidunda masikioni, nikakaa nikakamua kikombe kizima mbele ya mama yake.

"Haya hapa, mama. Haya ni ya hasira tupu. Hakuna tone la furaha. Yaonje jioni."

Akakichukua, akakiweka ndani ya friji. Nikaenda Busia, nikachapa karatasi za mizigo siku nzima bila kukosea hata moja.

Jioni nilikuta kikombe kimeoshwa, kimefunikwa mezani. Mtoto alikuwa amelala miguu wazi kama mlevi.

"Yalichacha?" nikauliza.

"Amemaliza," mama akasema. Kisha, kwa shida kama mtu anayemeza kidonge kikavu: "Nilionja. Ni tamu."

Mwisho wa mwezi mume wangu akapiga. Nilikuwa navaa viatu vya kazi, basi mama ndiye aliyeichukua simu. Sikusikia alichouliza, lakini nilisikia alichojibiwa.

"Barua ya nini? Maziwa iko. Mtoto amenona. Ilikuwa waya, na bibi yako ndiye aliona, si fundi." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, bado ana hasira. Na ataenda nayo kazini, amechelewa."

Nikafunga kamba za viatu. Nikamkabidhi mama mtoto, nikatoka.