Ufa Uliosilibwa

Anastasia wa Kintinku hakuwa mtu wa kuonewa. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufanya biashara, jirani yake Chediel alifunga mashine ya kusaga karibu kabisa na nyumba yake ya tembe. Kila ilipounguruma, vyungu viligongana. Ufa ukaanzia chini ya ukuta, ukapanda mpaka kwenye boriti lililobeba paa zito la udongo. Mama huyo akaenda kulalamika kwenye baraza la kijiji, akafoka mpaka mwenyekiti Mazengo akaahidi kwamba wazee watakuja kukagua.

Wazee, nyumbani kwake! Wakute nyumba imepasuka, waende kumsema kijiji kizima? Akakanda udongo na samadi, akausiliba ukuta wote mpaka ukawa laini kama mpya.

"Shikamooni, wazee wangu. Karibuni."

"Marahaba," akajibu Mazengo, huku akiupapasa ukuta. "Ufa uko wapi?"

"Si uko humo ndani! Nimeusiliba. Ningewapokeaje kwenye nyumba iliyopasuka?"

Chediel, aliyekuwa amefuatana na wazee, akaangua kicheko. Mazengo hakucheka, ila alisema baraza haliwezi kuhukumu lisichokiona, mashine iendelee.

Anastasia aliwasindikiza kwa matusi hadi barabarani. Aliporudi ndani, mashine ilikuwa imeshawashwa. Akaweka kiganja ukutani, kwenye udongo ambao bado ulikuwa mbichi, na taratibu akausikia ufa ukifunguka chini ya vidole vyake. Juu ya kichwa chake, boriti likalia.