Kikoi Kilichokwenda Kikole

Nesi aliyenipokea wodini hakuniuliza naumwa wapi. Mguu ulikuwa unajieleza wenyewe. Aliniuliza, "Kaka, nani anakuuguza?"

Nikamwambia nina simu.

Wodi nzima ya wanaume ikaangua kicheko, hata waliokatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi za tumboni. Mimi ni mtu wa Mombasa, fundi wa majokofu. Nilikuja Kilwa Masoko kutengeneza mtambo wa barafu wa wauza samaki. Kazi ikaisha salama, halafu pikipiki iliyokuwa inanipeleka Nangurukuru kupanda basi ikatumwaga barabarani. Dereva alichubuka kiwiko, mimi nikavunjika paja. Ndiyo maana nilikuwa pale, katika hospitali ya serikali ya nchi isiyo yangu, mguu umefungwa kamba na uzito unauvuta kwenye mwisho wa kitanda ili mfupa ukae sawa. Daktari aliniambia kwa upole kwamba nisitarajie kushuka kitandani kwa wiki nyingi.

Nilikuwa nimejipa moyo kwamba ugeni wangu ni wa pasipoti tu. Lugha ni yangu, adhana ni ileile, na mchuzi wa samaki ni uleule, ingawa nazi wanatia kama wameikopa. Lakini lugha haikubebei choo. Pale kila mgonjwa ana mtu wake wa kumchemshia uji kwenye mafiga nyuma ya wodi, kumgeuza, kumfulia, na kulala kwenye mkeka karibu naye. Manesi ni wachache na wana kazi zao. Mimi nyumbani nina mama mzee na dada ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kujifungua. Niliwaambia nimeteguka kidogo.

Basi nikapata ufumbuzi wa kijinga. Mtu asipokula, haendi haja. Nikawa nakunywa maji mafunda mawili na kuuma mkate kidogo, nikijisifu moyoni kwamba simsumbui mtu.

Aliyenigundua ni bibi wa kitanda cha jirani. Alikuwa anamuuguza mumewe, mkulima wa Kikole, mzee ambaye moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na kila sentensi aliigawa mara mbili ili apate kupumua. Mzee alitabasamu zaidi ya kusema. Mkewe alisema kwa niaba ya wote wawili.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia asubuhi moja.

"Marahaba. Umevunjika mguu mmoja tu, mbona umenuna uso mzima?" Kisha akawageukia wenzake, kwa sauti ya mnadani. "Mnamwona huyu? Anajinyima kula ili asiende chooni! Kwani Mombasa watu hawanyi?"

Nilitamani kitanda kinimeze. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akaenda akaleta beseni la haja, akavuta pazia, na nilipoanza kugoma akanikata kauli: "Nimezaa wanaume wanne. Hicho unachokificha nimeshakiosha sana. Lete huo mgongo."

Alipomaliza akanawa mikono, akaniletea bakuli la uji wa mtama uliokolea sukari, akasimama juu yangu mpaka nikaumaliza. Hakusema pole hata mara moja. Pole nilizipata kwa kila aliyepita, na zote zilinifanya nijione mgeni zaidi. Huyu alinitukana tu, kutwa. Miguu yangu ilikuwa ya korongo, lafudhi yangu ya mtu anayeimba akiwa na jino bovu. Mimi ni mwepesi wa hasira, mama yangu anasema nilizaliwa nimekunja ngumi, na nilikula chakula chake huku nimemkasirikia kweli.

Siku ya kikoi ndiyo nilifura. Nilikuwa na kikoi kipya cha bluu nilichokipenda sana, ndiyo shuka langu. Bibi alikichukua kukifua, akakianika, kilipokauka akajitanda mabegani mwake.

"Kikoi kizuri mno hiki kwa mtu asiyeweza kutembea," akasema. "Sasa ni changu." Akaenda zake jikoni.

Nikamwita nesi, mama mmoja wa Kimakonde kutoka Newala, mwenye msalaba mdogo shingoni. "Dada, mimi naibiwa mchana kweupe na wewe watazama!"

Nesi aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto anayelia akiogeshwa. "Kaka, hujui utani? Amekufanya mtani wake. Mtani anachukua, halafu husemi kitu. Unangoja zamu yako."

"Utani wa nini? Yeye Mmatumbi, mimi mtu wa Mombasa. Hatuna utani."

"Na yeye anajua. Nilimwuliza, akaniambia, 'Huyu hana mtu. Chakula hata mpita njia anapewa. Matusi utampa nani kama si mtu wako?'" Akaketi kidogo ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo manesi hawana nafasi nalo. "Baba yangu alipofariki, mama alikaa kimya, hali, halii. Tukaogopa. Akaja mtani wetu, akashuka kaburini, akalala chali, akasema hazikwi mtu hapa mpaka aletewe kuku. Kisha akatoka akaigiza baba anavyotembea akitoka kilabuni. Mama akacheka. Alipocheka ndiyo akaweza kulia. Usiku ule akanywa uji. Kazi ya mtani ni hiyo, kaka. Kikoi ni mwanzo tu."

Kisha bibi aliporudi na sufuria ya mihogo, nikajikohoza nikamwambia, "Mihogo migumu hii. Umeichemsha au umeitishia moto tu?"

Alisimama. Mzee kitandani akaanza kutikisika mabega, anacheka bila pumzi. Bibi akaweka sufuria chini, akanitazama, na uso wake ukafunguka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Bubu kasema."

Toka siku ile nilikula. Mfupa nao ukaanza kushika, daktari akaridhika. Nilimtukana bibi asubuhi na jioni, na sijui kama nimewahi kupendwa na mtu nisiyemjua kwa namna ile. Mzee alikuwa mwamuzi. Akinyoosha kidole kwangu, nimeshinda mimi. Akinyoosha kwa mkewe, ameshinda yeye. Kwangu alinyoosha mara chache, mzee yule, kwa kuwa alijua atakayemlisha ni nani.

Lakini moyo wake haukuwa unapona, na sote tulikuwa tunaona. Kidole kikawa kinanyanyuka nusu. Kisha alasiri moja, bibi akiwa anamsogezea mto, mzee akashusha pumzi na hakuivuta tena. Nesi wa Newala akaja, daktari akaja, pazia likafungwa na likafunguliwa. Mtu mmoja upande wa dirisha akasema inna lillahi, wengine tukaitikia.

Bibi hakulia. Alikaa kwenye mkeka wake, mikono mapajani, akitazama ukuta. Watoto wake walipofika na gari la kumpeleka baba yao Kikole walimsemesha, hakujibu. Walimpa maji, akayashika tu. Nilikuwa nimelala hatua chache kutoka kwake na sikuweza kumfikia. Sijawahi kuuchukia mguu wangu kama siku ile.

Walipomlaza mzee kwenye machela, bibi aliinuka, akavua kile kikoi cha bluu mabegani, akamfunika mumewe. Wakaanza kumsukuma. Machela ikapita miguuni pangu, na bibi nyuma yake anatembea kama mtu anayeota. Nikakumbuka zamu yangu.

Niliogopa. Mgeni kuleta mzaha mbele ya maiti ya watu, na watoto wake wa kiume wamesimama pale, wanne, kila mmoja na mabega ya kupasua magogo! Lakini mtu mwingine wa kuifanya kazi ile hakuwapo.

"Mwizi!" nikapiga kelele. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mshikeni huyo mzee! Anaondoka na kikoi changu, kimya kimya, hata kuaga hakuaga! Leo hazikwi mtu Kikole mpaka nirudishiwe kikoi changu!"

Machela ikasimama. Kijana wake mkubwa akageuka, ananitazama kwa macho mekundu. Nilimtazama bibi tu.

Mabega yake yalianza kutikisika. Nikadhani nimeharibu. Kumbe anacheka.

"Umechelewa, mtani," akasema. "Huyu mwizi tangu ujana. Mimi mwenyewe aliniiba kwa baba yangu."

Na hapo hapo kicheko kikapasuka, akalia. Alilia kwa sauti, kilio kilichomwinamisha, mpaka wanawe wakamkumbatia. Kijana mkubwa akapangusa uso kwa kiganja, akaniitikia kwa kichwa.

Mlangoni bibi akageuka. "Kikoi hupati," akaniambia, machozi yanamtiririka. "Ukikitaka, kifuate Kikole kwa miguu yako. Yote miwili."

Jioni ile zamu ikabadilika, akaingia nesi mgeni, binti aliyehamishiwa pale juzi. Akakiona kitanda cha jirani kimeshatandikwa upya, akanigeukia.

"Kaka, wewe nani anakuuguza?"

"Ndugu yangu," nikamjibu. "Hayupo. Amekwenda msibani Kikole, kafiwa na mume."

"Oh," akasema. Akaniwekea mkono begani. "Pole sana kwa msiba, kaka."

Nilifungua mdomo nimjibu kama watu wanavyojibu, kwamba nimeshapoa. Nikashindwa. Nilijifunika shuka la hospitali usoni, nikamlilia mzee wangu.