Bima ya Mvua na Mahindi ya Ng'ambo ya Barabara

Mama alijiandikisha kwenye bima ya mvua kwa sababu bwana shamba aliyetoka Palma alikaa jamvini, akala mihogo yetu, akamweleza bila haraka. Seguro, sisi tuliiita hivyo kwa Kireno. Setelaiti ingepima mvua ya kila eneo. Ikipungua wakati mahindi yanatoa mbelewele, wote waliojiandikisha katika eneo lile wangepewa mbegu za msimu ujao. Hakuna ambaye angekuja kukagua shamba.

"Hata nikivuna?" mama aliuliza.

"Hata ukivuna, mama. Tunapima mvua, hatupimi magunia."

Jirani yetu, Mmakonde aliyekimbia vita kule Awasse akapewa kipande cha shamba ng'ambo ya barabara, alijiandikisha siku ileile.

Mvua ikakatika. Shamba letu lipo bondeni, upande wa Nhica, na udongo wake hushika maji. Mahindi yalinyauka ncha tu. Ya jirani yalikauka hadi shina. Nilimsaidia kuyakata awape mbuzi.

Bwana shamba alinipigia mimi, maana simu pekee ya nyumbani ni yangu. Alisema eneo letu limehesabiwa kavu, mbegu zinakuja. Ng'ambo ya barabara ni eneo jingine, na huko setelaiti imeona mvua ya kutosha. Nilipompelekea jirani habari hiyo, aliniangalia usoni.

"Mvua ipi? Ilinyesha nikiwa wapi mimi?"

Nikarudi nyumbani kumwambia mama.

Mama naye aligoma kupokea. "Nitachukuaje fidia ya njaa, na ghala langu limejaa?" Akanituma kwa mwalimu wa chuo cha Kurani nimuulize kama ni halali. Mwalimu alisikiliza, akasema mama hakudanganya mtu, mapatano yalikuwa ya mvua, basi achukue. Lililobaki alitazame mwenyewe na jirani yake.

Mfuko ulipofika, mama alijitwika akavuka barabara. Mimi nilimfuata nimenuna, kwa kuwa zile mbegu nilishazitilia nia, nina kipande changu nilipotaka kuzipanda.

Jirani alikataa. "Sikukimbia kwetu nije kuishi kwa kupewa."

"Nani anakupa?" mama akasema. "Wewe huna mbegu, mimi sina mgongo wa jembe. Njoo tulime bondeni, tugawane."

Jirani akauliza jembe lipo wapi.

Walilima pamoja msimu ule, wakabishana kila siku kuhusu nafasi kati ya shimo na shimo. Mahindi yalitoka mazuri. Kwenye mkutano wa bima uliofuata jirani alisimama mbele ya watu wote, akamweleza bwana shamba habari za shamba lake. Yule akaandika, akaahidi kuwafikishia wakubwa zake. Mipaka ya maeneo haijabadilika bado. Mama amejiandikisha tena. Jirani hataki kuisikia bima, ila bondeni bado analima.