Kitu cha Kwanza Alichoiga

Mdogo wangu wa kiume alifikisha miaka miwili bila kuiga kitu hata kimoja. Si makofi, si kukohoa, si kutoa ulimi. Nalijua hilo vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa omoreri wake, yaani mtoto wa kike anayeachiwa mtoto mdogo amlee, mama yao anapokuwa shambani. Nilikuwa na kama miaka minane na kiburi cha mtu mzima. Kwetu Gesima, miaka ile ya baada ya vita vikubwa, mtoto hakufundishwa kwa kuelezwa. Aliangalia, akaiga. Wa mwaka na nusu alichukua kijiwe akajifanya anasaga wimbi, au akafunga gunzi la hindi mgongoni akalibembeleza. Wa kwetu ukimpa gunzi alilishika mpaka likaanguka, kisha akaendelea kuutazama mkono mtupu. Hata kusimama alisimama kwa kushika ukuta.

Mama alimjaribu kila asubuhi. Alipiga makofi mara tatu, akangoja. Mtoto alitazama moto. Alipiga tena, kwa nguvu, kama anayefukuza kuku, na mtoto akageuka. Kumbe alisikia, masikio yalikuwa mazima.

"Kuna mtu," Mama alisema.

Hakusema nani, nami sikuuliza, kwa maana bomani kwetu kulikuwa na nyumba mbili tu.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mama mdogo, mke wa pili wa baba. Baba alikamua ng'ombe katika shamba la Mzungu upande wa Nyansiongo, akawa anarudi mara moja kwa mwezi. Mama mdogo alikuwa na binti aliyezaliwa miezi mitatu baada ya mdogo wangu, na binti huyo aliiga dunia nzima. Alisaga, alipepeta, alitembea ameshika kiuno kama nyanya, hata alimwiga mchungaji wetu wa Sabato anavyofuta jasho. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka.

"Kila anachojifunza yule," aliniambia, "ni kitu ambacho wangu amenyang'anywa."

Kwetu kuna jicho ambalo mwenyewe huenda hajui kama analo. Akimtazama mtoto, hasa mweupe wa ngozi kama alivyokuwa mdogo wangu, vitu vidogo vidogo hunata mwilini mwa mtoto, nyuzi, makapi, kisha vikaingia ndani. Dawa yake ni kuviringisha donge la siagi juu ya ngozi mpaka vitoke. Mama alikuwa mtu wa kanisa na mambo hayo alikatazwa, kwa hiyo tulifunga mlango kwanza. Nyanya, mama yake baba, aliyeitwa kwa kazi hiyo, aliliviringisha donge tumboni kwa mtoto, akaliinua karibu na moto tulione. Kulikuwa na unywele. Unywele mmoja! Ningeweza kusema kwamba mtoto alilala juu ya ngozi ya mbuzi, na ngozi ya mbuzi ina nywele. Sikusema. Nilikuwa nimekwisha kuamini, na kuamini kulinipendeza, maana kulinipa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mama mdogo akitokea, nimpe mgongo na kumfunika mtoto uso kwa mbeleko mpaka apite. Niliifanya kwa bidii ambayo sikuwahi kuitia katika kuchota maji. Mimi ni mashoto. Nilivuta pindo kwa mkono wa kushoto, nikainama, nikasikiliza nyayo zake, kisha nikachungulia. Mara sita kwa siku, mara kumi. Jioni nilimpelekea Mama habari: leo amesimama karibu na migomba, leo amemchekea, leo hakumchekea. Yote yalikuwa ushahidi.

Siku moja mama mdogo alisimama mbali, macho ameyaelekeza chini makusudi, akasema, "Dada, mlete acheze na wangu. Mtoto huiga mtoto mwenzake. Ukimfungia ndani atamwiga nani?"

"Unamtakia nini?" Mama akamjibu.

Hakuna mtu mwingine aliyesema neno la maana mwaka ule, nasi tulilichukua hilo kuwa kosa lake kubwa kuliko yote. Tangu siku hiyo mtoto hakutoka mlangoni ila nimembeba mimi. Alikuwa na moto, ukuta na mimi, basi.

Baba aliporudi, Mama alimwambia achague: amrudishe mama mdogo kwao, au yeye Mama aondoke. Kila mtu alijua maana yake. Mama mdogo angekwenda peke yake, na binti angebaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba. Baba alikuwa mpole, hakupenda kelele. Alisema tukutane Jumapili asubuhi, yeye, wake zake na kaka yake mkubwa, na mimi nije kueleza nilichoona.

Nilieleza. Lo, nilieleza vizuri! Baba mkubwa aliniuliza kama nimewahi kumwona mama mdogo akimtazama mtoto. Nikasema ndiyo, mara nyingi, wala sikuongeza kwamba kila mwenye macho hutazama. Mdogo wangu alikuwa amekaa mbele yetu kwenye ngozi, mbeleko iko magotini. Ndipo mama mdogo alipoitwa. Alitoka nyumbani kwake amemshika binti mkono.

Mtoto aliinua kichwa. Akageuka, akampa mgongo. Akashika pindo la mbeleko kwa mkono wa kushoto, akalivuta mpaka juu ya kichwa, akainama, akangoja. Nyayo ziliponyamaza, akachungulia.

Mama alipiga yowe. "Mmeona! Hata mtoto anamjua!"

Baba mkubwa alimtazama baba, na baba akatazama chini. Shauri lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyeuangalia ule mkono ila watu wawili. Mama mdogo aliutazama mkono wa mtoto, kisha akautazama wangu. Aliujua. Ni yeye aliyenionyesha namna ya kushika jembe kwa kushoto, wakati Mama alikuwa akinichapa nitumie wa kulia. Alinisubiri niseme. Nilikuwa na neno dogo tu la kusema, kwamba mtoto ameniiga mimi. Niliuficha mkono chini ya gauni.

Aliondoka siku ya tatu. Sitaki mtu anihurumie kwa sababu ya umri wangu. Nilijua.

Binti alihamia kwetu, nikawa omoreri wa wawili, na mdogo wangu akaanza kuiga. Si haraka, na hakuwahi kuwa kama wengine. Aliota ndevu akiwa na maneno machache mno. Lakini pale sakafuni, karibu na binti, alishika kijiwe akasaga vumbi. Mama alitoa shukrani kanisani kwa sauti kubwa, akasema ubaya umeondoka nyumbani kwake. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikiangalia kisogo chake na kuona haya.

Binti alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi alikwenda mpaka mwisho wa migomba, pale njia ya kwenda kwa kina mama yake inapoanza kuteremka. Aliweka kiganja juu ya macho, akatazama. Hakulia. Alisimama kwa muda wa uji kupoa, akarudi kunywa.

Asubuhi moja nilikwenda kumwita nikawakuta wawili. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando yake, hakushika kitu, kiganja kiko juu ya macho, anaitazama njia ile ile. Mama alitoka jikoni na kibuyu cha uji, akawaona. Akarudi ndani bila kumwita mtu.