Mama Mkwe wa Kocha

Rodah hajui kutazama mpira kwa adabu, na Kapkatet yote inajua hilo. Majani Rangers ikicheza, mama huyu wa kanisa anavaa gambuti zake na kusimama nyuma ya goli, na refa akikosea anaambiwa maneno ambayo mchungaji hafai kuyasikia. Mbona nyuma ya goli, na pale katikati kuna kivuli? Kwa sababu pale katikati ndipo benchi lilipo, na kwenye benchi ameketi kocha Jairus, na Jairus amemuoa Dorine, binti yake wa pekee.

Kwa Wakipsigis, mama mkwe na mkwe wake ni watu wa kupishana njia. Hawapeani mkono, hawali meza moja. Vijana wa siku hizi wanacheka mambo hayo, lakini Rodah alilelewa hivyo, na Jairus, ambaye kwao ni upande wa ziwa, alilelewa hivyo hata zaidi. Basi tangu harusi hawa wawili hawakuwahi kuongea habari ya mpira hata siku moja. Mpira, jamani, kitu ambacho wote wawili wanakipenda kuliko chakula!

Na mwaka huu Rangers ilikuwa inafungwa tu. Inafungwa nyumbani, inafungwa ugenini, ilifungwa hata na timu ya shule. Halafu ukazuka uvumi kwamba Boito, mahasimu wenyewe, wanamtaka Jairus.

"Wanamtaka wa nini?" aliuliza Aron, jirani yake Rodah, pale kwenye banda la kupimia majani ya chai, wakulima wakisubiri lori la kiwanda. "Mtu ameshindwa na hii yetu, huko Boito atafanya nini?"

"Wewe hujui mpira," Hezekiah akamkata. Huyu ndiye mwenyekiti wa timu. "Boito si wajinga. Huyo mtu ana akili, ni vijana wetu hawana miguu."

"Akili gani! Anaweka mabeki wanne na wote wanalala!"

"Na akienda Boito halafu atufunge? Utaweka wapi uso wako?"

Aron akamgeukia Rodah. "Mama Dorine, si huyo ni mkwe wako? Muulize basi, anaenda ama haendi."

"Nimuulize nani?" Rodah akawaka. "Mna wazimu nyinyi? Nianze kuhoji mume wa mtoto wangu?"

Aliwanyamazisha, lakini roho yake mwenyewe haikunyamaza. Kusema kweli, alitaka kocha aondoke. Angekuwa mkwe wa mtu mwingine, Rodah angekuwa wa kwanza kupiga kelele atolewe. Lakini Boito! Amwone mjukuu wake Molly amevaa jezi ya Boito! Wiki hiyo hakutulia. Alichuma majani magumu mpaka karani akamrudishia nusu ya kikapu. Alichemsha maziwa, akatia sukari, akasahau majani ya chai, yeye mkulima wa chai. Aliketi akasimama, akasimama akaketi, mpaka mbwa akachoka kumfuata.

Alhamisi akashindwa kuvumilia. Alichukua galoni ya maziwa akaenda kwa Dorine. Dorine alikuwa ameenda Kericho na mtoto. Jairus alikuwa nje, anashona wavu wa goli uliochanika. Rodah aliingia jikoni haraka, akabaki huko, ukuta wa mbao katikati yao.

"Baba Molly," akauambia ukuta. "Watu wanasema Boito."

Sauti ikaja kutoka upande wa pili.

"Mama, hakuna Boito."

"Hakuna aje?"

"Hakuna mtu amenipigia simu. Hakuna mtu ananitaka. Hilo neno lilianza tu huko sokoni, nikaliacha litembee. Kamati ilikuwa inifukuze. Waliposikia Boito, wakaogopa. Wakijua ukweli nimeisha, mama. Na kazi nyingine hapa sina. Itabidi nichukue Dorine na mtoto turudi kwetu."

Rodah alitaka kumkemea. Alitaka pia kumwambia amtoe yule namba tisa, maana kijana anatembea uwanjani kama mtu anayetafuta ng'ombe. Lakini alimsikia Jairus akivuta kamasi, akajua mwanamume analia, na hayo si ya kusikiwa na mama mkwe. Akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Kesho yake Hezekiah alimngojea bandani.

"Mama Dorine, leo utasema. Kamati inakaa jioni. Kama Boito wanamtaka, tutambembeleza abaki. Kama hawamtaki, aende zake."

Banda lote likamgeukia. Rodah alishika kikapu chake kwa mikono miwili. Rangers aliipenda tangu marehemu mumewe alipokuwa kipa wa timu. Alijua kabisa kwamba mikononi mwa Jairus timu hiyo haiponi. Akawaza nyumba ya Dorine ikiwa imefungwa kufuli.

"Walikuja," akasema.

"Boito?"

"Walikuja na gari, wanaume watatu. Walikunywa chai kwa Dorine mpaka sufuria ikaisha."

"Nilisema mimi!" Hezekiah akapiga meza ya majani kwa kofi. Aron akashika kichwa. Jioni hiyo kamati nzima ilienda kumsihi kocha, naye akawaambia atafikiria, kisha akakubali.

Jumamosi Rangers ilifungwa nne bila. Rodah alisimama nyuma ya goli na hakufungua mdomo hata mara moja, watu wakauliza kama anaumwa koo. Mechi ilipoisha, Hezekiah alikuja akasimama kando yake, wakawatazama vijana wakitoka uwanjani vichwa chini.

"Usilie, Mama Dorine," akamwambia. "Angalau Boito hawakumpata."

Rodah akajifuta macho kwa leso.

"Ndiyo," akasema. "Hawakumpata."